Grateful Dead ya mwaka gani? Vikosi, ziara na kiti cha kinanda

Wakutanishe wapenzi watatu wa Grateful Dead, uwaulize bendi hiyo ya Marekani ilikuwa bora mwaka gani, kisha kaa pembeni usikilize. Wa kwanza atasema 1972. Wa pili ataapa kwamba hakuna kilichowahi kuufikia mwezi Mei wa 1977. Wa tatu, ambaye huenda alianza kuwafuata miaka ya themanini, atasema 1989 na 1990 ndiyo yenyewe, na kwamba hao wawili wanaabudu kanda za zamani. Usiku utaisha na ubishi haujaisha.

Mgeni anaweza kudhani ni ubishi wa ladha tu. Ukweli ni kwamba kila mwaka unaotajwa pale ni jina la kikosi. Anayesema 1972 anamaanisha mpiga dramu mmoja na piano ya Keith Godchaux. Anayesema 1977 anamaanisha wapiga dramu wawili, pamoja na Keith kwenye piano na mkewe, mwimbaji Donna Jean. Anayesema 1989 anamaanisha Brent Mydland na ogani yake ya Hammond. Ukishajua nani alikuwa amekaa wapi mwaka gani, na kwa nini aliyemtangulia aliondoka, mambo mengi yanafunguka. Utaona pia kwamba karibu kila badiliko la kikosi lilizaliwa barabarani, kwenye ziara zilizoilisha bendi hii kwa miaka 30.

Tuanze mwanzo kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Jerry Garcia alikuwa akifundisha gitaa na banjo kwenye duka la vyombo vya muziki huko Palo Alto, California. Mkesha wa kuukaribisha mwaka 1964, kijana wa miaka 16 aitwaye Bob Weir alisikia banjo ikilia dukani humo akaingia kuangalia. Wakaunda kikundi cha nyimbo za asili pamoja na Ron McKernan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pigpen, mtoto wa mtangazaji wa redio aliyelelewa kwenye blues. Kufikia 1965 walikuwa wamehamia kwenye magitaa ya umeme, wakimchukua Bill Kreutzmann kwenye dramu na kujiita The Warlocks. Besi ilikuwa kwa mtoto wa mwenye duka, aliyedumu wiki chache tu. Nafasi yake ikachukuliwa na Phil Lesh, mpiga tarumbeta aliyesomea utunzi wa muziki wa kisasa wa Ulaya, ambaye hakuwa amewahi kupiga besi maishani mwake. Kwa hiyo badiliko la kwanza la kikosi lilitokea hata kabla jina la Grateful Dead halijapatikana, jambo lililofanyika mwishoni mwa mwaka huohuo.

Badiliko hilo ndilo lililoamua bendi itasikika vipi. Katika bendi nyingi za rock besi hukaa chini na dramu, huweka msingi, na wengine hupamba juu yake. Lesh hakutaka kukaa chini. Alipiga besi kama sauti inayojibizana na gitaa la solo la Garcia, inapanda, inakata njia, inarudi. Weir naye, aliyeshika gitaa la ridhimu, hakulikwangua kwa mpigo mmoja kama ilivyozoeleka. Alijifunza kutoka kwa mkono wa kushoto wa McCoy Tyner, mpiga piano wa mwanajazz John Coltrane, akawa anadondosha vipande vifupi kwenye mianya ambayo wengine wameiacha. Hivyo ikawa hakuna aliyeketi kwenye kazi iliyogawiwa kwa kawaida. Kila mmoja alitegemea masikio ya mwenzake.

Na jukwaani hawakupanda na orodha ya nyimbo iliyopangwa. Onyesho liligawanyika mara mbili. Katika nusu ya pili wimbo mmoja ungeyeyuka na kuingia katika mwingine bila kusimama, na kati yake kukawa na dakika kumi au ishirini za muziki usiokuwa na mtunzi wala mwisho unaojulikana. Hapo ndipo bendi zote zilizokuja kuitwa bendi za jam zilipochota. Na hapo ndipo penye jibu la kwa nini kubadilisha mtu mmoja ni jambo zito namna hii. Bendi inayopiga nyimbo kama zilivyorekodiwa inaweza kumleta mpiga kinanda mpya, ikampa kanda akariri, kesho akapanda. Katika Grateful Dead hakukuwa na kitu cha kukariri. Mtu mpya alibadilisha wanachokisikia wengine, na wengine wakalazimika kupiga tofauti hata kama hawakutaka.

Mfano mkubwa ni dramu. Septemba 1967 alikuja Mickey Hart, akawa mpiga dramu wa pili. Alikuwa amevutiwa na midundo ya Wahindi, ile inayohesabiwa kwa saba au kumi na moja badala ya nne, akaisukuma bendi nzima huko. Haikumfaa kila mtu. Mwaka 1968 Garcia na Lesh waliona kwamba Weir na Pigpen hawaendi kasi nao, kikafanyika kikao, wawili hao wakaambiwa wakae kando. Oktoba ile waliobaki walipiga kwenye ukumbi wa Matrix mjini San Francisco kwa jina la Mickey and the Hartbeats. Kufukuza huko hakukushika. Weir na Pigpen waliendelea kuwepo, bendi ikarudi kuwa moja. Novemba mwaka huo akaongezwa Tom Constanten kwenye kinanda, rafiki wa Lesh kutoka upande wa muziki wa majaribio, akakaa hadi Januari 1970. Pigpen, aliyekuwa akipiga ogani hadi hapo, hakuondolewa, ila alisogezwa kwenye ngoma za kongas na kuimba.

Halafu likaja la aibu. Baba yake Mickey Hart, Lenny, ndiye alikuwa meneja wa bendi, na mwaka 1970 ikagundulika kwamba amewaibia na kutoroka. Mwanawe hakuwa na hatia, na wenzake hawakumfukuza, lakini Februari 1971 alishindwa kubeba aibu hiyo akaondoka.

Tangu siku hiyo hadi Oktoba 1974 Kreutzmann alipiga peke yake, na niseme wazi kwamba kwangu mimi huo ndio wakati muziki wao ulikuwa huru kuliko wowote. Wapiga dramu wawili hupendeza, ila lazima wakubaliane kwanza ndipo wageuke. Mmoja hageuzi kwa makubaliano, anageuka tu. Ukitaka kulisikia hili, chukua onyesho la Agosti 27, 1972, huko Veneta, Oregon. Lilikuwa la kuchangia kiwanda kidogo cha maziwa cha familia ya mwandishi Ken Kesey kilichokuwa na shida ya fedha. Jukwaa lilielekea jua la jioni, joto lilikuwa kali hadi magitaa yakawa hayakai kwenye sauti yake. Wakaingia kwenye wimbo wa "Dark Star" na kukaa humo zaidi ya nusu saa. Sikiliza dramu tu, usisikilize kingine. Kreutzmann anaacha mdundo kabisa, anagusa matoazi, anasubiri. Garcia anatupa noti tatu, Lesh anazijibu kwa chini, na kabla hujajua kilichotokea dramu iko tayari kwenye mwendo mwingine, wa haraka kama jazz, na piano ya Keith imo ndani yake. Hakuna aliyetikisa kichwa kutoa ishara.

Hart alirudi jukwaani Oktoba 20, 1974, usiku wa mwisho kabla ya mapumziko marefu. Kuanzia 1976 bendi ilikuwa na dramu mbili tena, na mwendo ukapungua. Nyimbo zikawa nzito, pana, zenye kukanyaga chini. Hicho ndicho kikosi cha Mei 8, 1977, kwenye ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell, onyesho ambalo huenda ndilo lililosambazwa kwa kanda kuliko yote, na ambalo Maktaba ya Bunge la Marekani ililiingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa. Mrekodi alikuwa Betty Cantor-Jackson, mwanamke aliyekaa kwenye mitambo ya bendi kwa miaka mingi, na usafi wa kanda zake umechangia sana sifa za mwaka ule. Hili huwa halisemwi vya kutosha katika ubishi wa mashabiki: tunalinganisha miaka, na huku tunalinganisha pia ubora wa rekodi. Kuna maonyesho ya 1973 yaliyoachwa na kanda mbovu, hayatapata kamwe haki yake.

Sasa tufike kwenye kiti chenyewe. Garcia, Weir, Lesh na Kreutzmann hawakubadilika kwa miaka 30. Hart alitoka akarudi. Mabadiliko yaliyobaki karibu yote yalitokea kwenye kinanda. Pigpen alipiga onyesho lake la mwisho Juni 1972 akiwa mgonjwa wa ini, akafariki Machi 8, 1973, ana miaka 27. Keith Godchaux, aliyeanza Oktoba 1971, aliondoka pamoja na Donna Jean mwanzoni mwa 1979 wakiwa wamechoka, na mwaka uliofuata alikufa kwa ajali ya gari. Brent Mydland alishika nafasi Aprili 1979, akafa kwa dawa za kulevya Julai 26, 1990, ana miaka 37. Vince Welnick akaja Septemba 1990 akakaa hadi mwisho wa bendi. Yeye alifariki 2006.

Mashabiki wengi huzungumza kuhusu laana ya kiti hicho. Siipendi lugha hiyo, kwa sababu inafunika jambo ambalo linaelezeka. Kila aliyekuja kwenye kinanda aliingia katika mazungumzo yaliyoanza miaka mingi kabla yake, kati ya watu waliojuana tangu ujana. Brent aliimba, alitunga, aliipa bendi nguvu mpya, na bado baada ya miaka kumi na moja aliendelea kuitwa mgeni. Fikiria kupanda jukwaani usiku baada ya usiku, mbele ya maelfu wanaomshangilia mtu aliyesimama upande wa pili, kisha hoteli, kisha basi au ndege, na pombe na madawa vikiwa ndani ya kila chumba. Garcia mwenyewe hakupona maisha hayo. Kiti cha kinanda kilikuwa tu mahali ambapo uzito wa barabara ulimkuta mtu mwenye kinga ndogo zaidi.

Na Donna Jean ametukanwa isivyo haki. Wanaomlaumu huchukua kanda ambayo anasikika akitoka nje ya sauti wakaifanya hukumu ya jumla. Huyu ni mwimbaji aliyeitikia kwenye "Suspicious Minds" ya Elvis Presley na "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge, kazi za studio ambazo hapewi mtu asiyejua sauti yake. Studio humwezesha mwimbaji kuisikia sauti yake vizuri. Kwenye jukwaa la Grateful Dead alisimama katikati ya magitaa, piano na dramu zilizokuwa zikiunguruma kwa nguvu zote. Watu wamsikilize kwenye ziara ya Ulaya ya 1972, maonyesho 22 ya Aprili na Mei, kabla hawajatoa hukumu.

Kilichowaweka barabarani muda wote huo ni hesabu. Santuri zao hazikuuza kama za wakubwa wa zama zao, kwa hiyo fedha ilitoka mlangoni mwa ukumbi. Kadiri walivyopiga ndivyo walivyoajiri: mafundi, madereva, wapakiaji, watu wa ofisini, na familia zao zote. Kusimama miezi sita maana yake ni mishahara ya watu wengi kukosa mahali pa kutoka.

Mwaka 1974 mzigo huo ulionekana kwa macho. Walikuwa wamejenga mtambo wa sauti ulioitwa Wall of Sound, ukuta hasa, mamia ya spika yaliyopangwa nyuma ya wanamuziki hadi juu. Kila chombo kilikuwa na spika zake, na kila uzi wa besi ya Lesh ungeweza kupelekwa kwenye safu yake. Kwa kuwa spika zilikuwa nyuma yao, vipaza sauti vingenasa ukuta mzima na kupiga kelele, kwa hiyo kila mwimbaji alipewa vipaza sauti viwili vilivyounganishwa kinyume: kelele iliyoingia kwenye vyote viwili ilijifuta, na kilichobaki ni sauti ya anayeimba kwenye kimoja. Waliousikia wanasema hakukuwa na sauti safi kama ile katika uwanja wa wazi. Lakini ulikuwa na uzito wa takriban tani 75, ulihitaji msururu wa malori, na majukwaa yake yalikuwa mawili, moja likifungwa mjini kwingine huku la kwanza likitumika. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973. Oktoba 1974 wakasimamisha ziara. Mwaka mzima wa 1975 walipiga mara nne tu, wakarudi barabarani Juni 1976 bila ukuta wao.

Safari ya ajabu kuliko zote iliwaleta Afrika. Septemba 14 hadi 16, 1978, walipiga Giza, Misri, chini ya mapiramidi, na usiku wa mwisho mwezi ukapatwa juu yao. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono akapiga kwa mkono mmoja. Piano ilikuwa nje ya sauti usiku wote. Kwa masikio ya mwenye kudai ukamilifu, hayo si maonyesho mazuri, na bendi iliyaficha rekodi zake hadi 2008. Lakini kuna kipande ninachokirudia. Hamza El Din, mpiga udi Mnubi, anaanza na waimbaji na wapiga matari wa Kinubi, makofi na tari tu. Wanamuziki wa Grateful Dead wanaingia mmoja mmoja, taratibu, kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Mpigo wa Kinubi haukomi wakati gitaa linaingia. Kwa dakika kadhaa huwezi kusema kikosi kinaishia wapi.

Upande wa mashabiki ziara zilizaa jamii nzima. Mwaka 1971 bendi ilichapisha ndani ya santuri yake ombi kwa wapenzi wajitambulishe na kutuma anwani, na majina hayo yakawa orodha ya kupelekewa habari. Mwaka 1983 walianza kuuza sehemu ya tiketi wenyewe kwa posta, na watu wakapamba bahasha zao kwa rangi na michoro, wakiamini itawasaidia kupata viti. Nje ya kumbi, maegesho ya magari yaligeuka soko: fulana za batiki, chakula cha mboga kilichopikwa nyuma ya gari, shanga, stika. Wapo walioishi kwa biashara hiyo, wakiifuata bendi mji hadi mji kwa msimu mzima. Asiye na tiketi alisimama amenyanyua kidole kimoja, akitumaini kupewa bure.

Muhimu kuliko yote walikuwa wanakanda. Bendi nyingi zilimkamata mtu aliyeingiza kinasa sauti ukumbini. Grateful Dead waliwavumilia miaka mingi, kisha Oktoba 1984, ukumbi wa jamii wa Berkeley, wakawatengea viti vyao rasmi nyuma ya fundi mitambo. Ungeuona msitu wa milingoti yenye maikrofoni juu, na chini yake watu wamekaa kimya wakiangalia mishale ya mashine zao. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuuza. Ulimtumia mwenzako kaseti tupu na stempu za kurudishia, naye akakunakilia. Jina la mji, tarehe na mfululizo wa nyimbo viliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kasha. Ndiyo maana shabiki wa bendi hii huzungumza kwa tarehe. Alijifunza muziki kwa tarehe, na kwa tarehe akajua kikosi. Mwaka 1987 mashabiki walifikia hatua ya kuchapisha DeadBase, kitabu cha kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa kila usiku.

Bahati ikageuka mzigo. Julai 1986 Garcia aliingia kwenye koma ya kisukari. Alipozinduka ilibidi ajifunze gitaa upya, na Desemba alikuwa jukwaani. Mwaka uliofuata "Touch of Grey" ilifika nafasi ya tisa kwenye chati ya Billboard, wimbo wao pekee kuingia kumi bora, na ghafla kukawa na vijana wengi waliokuja kwa ajili ya maegesho, wala si kwa ajili ya muziki. Kumbi za watu elfu kadhaa zikawa hazitoshi, wakahamia viwanja vya mpira. Miji ikaanza kuwakataa. Brent alipofariki 1990 ziara ilikuwa imeisha siku tatu tu zilizopita, na wiki sita baadaye walikuwa jukwaani tena, Welnick kwenye kinanda, na Bruce Hornsby akiwasaidia kwa piano hadi Machi 1992. Katika ubishi wote wa vikosi, hili ndilo ninalolishikilia kwa nguvu zaidi: walipaswa kusimama. Hapakuwa na nafasi ya kuomboleza wala ya Garcia kupumzika, na kosa hilo haliwezi kuwekwa mabegani mwa Welnick, aliyeitwa kuziba pengo ambalo wenzake hawakuwa tayari kulitazama.

Julai 2, 1995, huko Deer Creek, Indiana, watu wasio na tiketi waliangusha uzio, na onyesho la siku iliyofuata likafutwa. Julai 9 wakapiga Soldier Field, Chicago. Agosti 9 Garcia alikufa kwenye kituo cha matibabu ya uraibu, ana miaka 53. Walikuwa wamepiga zaidi ya maonyesho 2,300. Desemba wenzake walitangaza kwamba jina la Grateful Dead halitatumika tena.

Tangu hapo ubishi umechukua sura nyingine: ni nani mwenye haki ya kuitwa bendi? Waliobaki wamepiga kwa majina mengi, The Other Ones, The Dead, Furthur. Mwaka 2015 wanne wao waliadhimisha miaka 50 wakiwa na Trey Anastasio wa bendi ya Phish kwenye gitaa la Garcia, na mwaka huohuo ikaanza Dead & Company na mpiga gitaa John Mayer. Kreutzmann alijiondoa humo kabla ya ziara ya 2023, nafasi yake ikachukuliwa na Jay Lane. Lesh, ambaye hakuwa sehemu ya Dead & Company, aliendelea na marafiki zake kwa safu zinazobadilika hadi alipofariki Oktoba 2024. Wapo wanaosema bila Garcia hakuna kitu. Wapo wanaosema muziki huu ulishakuwa mali ya jinsi ya kupiga, si ya mpigaji.

Kundi moja limelichukulia swali hilo kwa makini isivyo kawaida. Dark Star Orchestra, lililoanzishwa Chicago mwaka 1997, huchagua tarehe moja ya zamani na kupiga orodha ya usiku ule kwa mpangilio uleule. Wakichagua 1973 anakaa mpiga dramu mmoja. Wakichagua 1978 wanakuwa wawili na mwimbaji wa kike anasimama mahali pa Donna. Wakichagua 1985 piano inaipisha Hammond. Sehemu za kubuni wanazibuni upya, lakini jukwaa wanalipanga kama lilivyokuwa, kwa kuwa wamegundua kwamba bila mpangilio huo muziki wa mwaka husika hautoki.

Kwa anayetaka kuanza leo, nisingemshauri ahangaike na santuri za studio. Achukue wimbo mmoja, "Eyes of the World", uliopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1973, autafute katika vikosi vitatu. Asikilize mmoja wa 1973 au 1974: Kreutzmann peke yake, na mwishoni bendi inaingia kwenye kipande kinachohesabiwa kwa saba, kigumu, chenye kuyumba. Kisha asikilize mmoja wa 1977: dramu mbili, na kile kipande cha saba hakipo tena, hakikurudi baada ya mapumziko. Halafu ule wa Machi 29, 1990, ukumbi wa Nassau, New York, ambapo mwanajazz Branford Marsalis alialikwa na saksofoni yake. Wimbo ulikuwa na umri wa miaka 17, Brent alikuwa na mwaka wa kumi na moja kwenye kiti, na Marsalis akishaingia utasikia Garcia akibadili namna anavyopiga ili kumjibu. Akishamaliza hiyo mitatu, atakuwa na mwaka wake wa kuutetea.